Mkono Juu ya Sufuria za Mama

Wa kwanza kukisimulia kisa hiki alikuwa Kipimo, fundi cherehani, mwaka mmoja baada ya vyombo vya marehemu mama yake Gundi kugawanywa, siku alipokuja kuwapima wajukuu wa marehemu nguo za shule. Alikisimulia na pini mdomoni, na kila alipokirudia hakubadilisha neno. Kijiwe cha mafundi, kisa kilikotokea, kilikuwa benchi refu, mguu mmoja umefungwa waya, mbele ya studio ya picha ya Flashi. Mwisho mmoja alikaa Gundi, fundi viatu, na kisanduku chake cha misumari. Mwisho mwingine Betri, fundi simu. Katikati Kipimo na birika la kahawa. Gundi ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa marehemu. Asubuhi ya kisa hiki alifika bila kumsalimu mtu, akaitupa picha kubwa juu ya benchi hadi vikombe vikacheza.

— Flashi! Toka humo ndani uje uniambie huu mkono ni wa nani!

Flashi akatoka, miwani juu ya paji la uso.

— Hata salamu hakuna, kaka?

— Salamu nimeiacha nyumbani. Nilikuita upige sufuria za mama yangu. Nani alikwambia upige na mkono?

Wote wakainama kutazama. Marehemu alikuwa na desturi ya kuzifudikiza sufuria zake pembeni mwa jiko, kubwa kabisa chini, inayoifuata juu yake, hivyo hivyo mpaka ile ndogo ya juu, mnara uliomfika Gundi kifuani. Alipofariki, watoto wake walikubaliana mambo mawili: mnara upigwe picha kwanza jinsi alivyouacha, na kabla ya picha mtu asiguse kitu. Siku ya kugawana, ile ndogo haikuonekana. Na sasa picha imetoka, na juu ya hiyo hiyo ndogo umelala mkono mwepesi kama moshi. Sufuria yenyewe nayo ilikuwa nusu ipo, nusu haipo. Ukuta ulionekana kupitia ubavuni mwake.

— Jioni ndugu zangu wote wako kwangu, Gundi akasema. — Nitasimama na picha hii. Huu ni mkono wa mdogo wangu, yule kitinda mimba wetu. Alivunja makubaliano, akaiba kwa mama hata kaburi halijakauka. Leo namtoa kwenye ukoo. Wewe Flashi nipe ile picha moja ambayo sura yake inaonekana.

— Hakuna picha moja, Gundi. Nilishakueleza.

— Nieleze tena. Na uongo uupunguze.

Flashi akashusha pumzi. Jiko lilikuwa finyu, akasema, ikabidi apande juu ya stuli na kupiga kwa kushuka. Akiilenga sufuria ya juu, ya chini inakuwa ukungu. Akiilenga ya chini, ya juu inafifia. Kwa hiyo alipiga moja moja, kila sufuria na picha yake, kisha akazipanga picha zile kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, akachukua kila mahali palipotoka safi.

— Yaani sufuria ziko juu ya sufuria, na picha ziko juu ya picha, Betri akasema.

— Hasa. Sasa mtu akichomoa kitu katikati ya kazi, picha nyingine zinacho, nyingine hazina. Ndiyo maana kimekuwa mzuka. Niliwaambia humo ndani, jamani msiguse! Niliwaambia!

— Na zile moja moja ziko wapi? Gundi akauliza.

— Nimezifuta.

Gundi akasimama. Kisanduku kikapinduka, misumari ikamwagika hadi barabarani.

— Umezifuta! Unafuta ushahidi wa watu, umekula nini na mdogo wangu?

— Nafuta kila kazi ikiisha! Kompyuta yangu si ghala la babako!

— Baba yangu muache alipo!

Kipimo akaingia kati, tepe lake la kupimia shingoni.

— Tulieni, nyie. Mkono unapimika. Angalieni kiganja hiki na upana wa sufuria. Huyu si mwanamke. Huyu ni mwanamume, mwembamba, bega la kulia limeshuka. Shati lake lingenisumbua sana.

— Bega umeliona wapi? Picha imeishia kwenye kiwiko! Flashi akasema.

— Kiwiko kinasema yote.

— Hakuna mtu hapo, Betri akasema. — Mimi nafungua hivi vitu, navijua hadi tumboni. Mashine za siku hizi zikikosa kitu zinabuni. Imeona sufuria haina wa kuishika, ikaibunia mkono. Kesho itakubunia mjomba.

— Betri, nyamaza, Gundi akasema. Simu ya mke wangu ulibuni wewe mwenyewe ikafa.

— Ilikuja imekufa!

— Mimi nasema ni mama, Kipimo akasema taratibu. Habari za tepe alishaziacha. — Amerudi kuchukua chake. Amewaona mnavyogombana.

Hapo Gundi alimshika Kipimo ukosi wa shati, fundi huyu aliyemshonea suti ya harusi.

— Rudia.

— Niachie, shati nimelishona mwenyewe.

— Rudia uone!

— Basi ni wako! Flashi akapiga kelele. — Mkono ni wako, Gundi! Ulikuwa unanyoosha kidole, hii yangu, ile yangu, mimi ndiye wa kwanza! Leta mkono wako hapa!

Gundi akaulaza mkono wake kando ya picha. Betri akaweka wake. Kipimo naye, ukosi umemning'inia, na Flashi wa mwisho. Mikono minne ikajipanga pale juu ya benchi, yote myeusi kwa gundi, wino, risasi ya kuunganishia na mafuta ya cherehani, na hakuna hata mmoja uliofanana na ule wa moshi.

— Ni wa kitinda mimba, Gundi akasema. — Mtasema yote. Kile kisufuria hakina hata mpini mzima, umefungwa waya. Nilitaka tu kila mtu aheshimu alichokiacha mama.

— Wewe uliichukua ile kubwa, Kipimo akasema. — Unalowekea ngozi.

Gundi akatukana. Sitayaandika matusi yale. Kipimo mwenyewe aliyaruka kwa ajili ya watoto.

Katikati ya kelele hizo alikuwa amefika mama mmoja wa makamo, mgeni mtaani, kiatu kimoja mkononi, soli imeachama. Alikuwa amewasalimu mara mbili bila kusikika. Akasubiri, na katika kusubiri akaiinua ile picha.

— Imetoka safi sana, akasema. — Hata vumbi linaonekana.

Wakamsogezea nafasi kwenye benchi, kwa sababu ni mgeni na ni mama.

— Hii ndogo ndiyo iliyokuwa ikipikiwa, ina masizi matako yote, hata yamemenyeka. Hizi za chini ni vumbi tupu. Kwenye hii kubwa buibui ameshaunganisha mpaka ukutani. Akamtazama Gundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana mwenye picha. — Samahani, baba. Hii kubwa mara ya mwisho kushushwa ikapikiwa watu, ilikuwa lini?

Gundi akaitazama ile kubwa. Akahesabu kichwani mara ya mwisho yeye na ndugu zake kula kwa mama. Kipimo alisema ungeona macho yake yakirudi nyuma, yakirudi tena, yakitafuta pa kusimama. Akamtazama Flashi, jirani wa mama yake ukuta kwa ukuta. Flashi akaanza kuokota misumari barabarani. Betri akainua birika kumimina. Lilikuwa tupu, akalishikilia vilevile.

Gundi akachukua kiatu cha yule mama, akakigeuza, akakipaka gundi, akakibana kati ya magoti. Hasira ilikuwa bado usoni, ila haikuwa na wa kumwangukia. Picha akaigeuza kifudifudi, akaikalia.

Jioni ndugu walikutana. Hakusimama na picha. Aliuliza nani ana njaa, na jibu lao halikumfikia Kipimo.

Gundi alifariki, na Flashi baada yake. Betri alihama, habari zake hazijulikani. Yule mama wa kiatu hakuna aliyemuuliza jina. Kipimo yu hai, ingawa uzi hautungi tena mwenyewe. Kitinda mimba yu hai, anaishi peke yake, na ile ndogo ndiyo anayopikia kila siku.