Vumbi la Breki la Namba 318

Wewe unayesoma, umewahi kufuta uchafu kwa brashi, ukageuka kumimina chai, ukaukuta umerudi? Sisi tumeuona Jumamosi tatu mfululizo, kwenye benchi la jukwaa la pili, stesheni ya Skelby, mbele ya chumba cha chama cha watengeneza treni ndogo za mfano. Benchi lina wenyewe. Masizi, yaani mzee Ormerod, huchukua kidizeli kipya, mfano wa injini ya treni wa saizi ya mkate (usiseme cha kuchezea, atakununia) na kukichakaza kwa rangi na unga hadi uape kimevuta makaa miaka ishirini. Kengele alikuwa mwongoza ishara za reli. Birika ni Bi Tattersall, mwenye chupa ya chai. Mimi wananiita Digrii: shahada ya sayansi ya metali, barua sitini na moja za “we regret”, yaani kazi hatukupi, na muda wote duniani wa kukalia mbao. Kidizeli cha safari hii ni mfano wa injini namba 318, iliyoporomoka mlimani mwaka 1978 ikaua vibarua wawili wa yadi pamoja na dereva wake. Dereva alikuwa babu yangu, Wilfred Pickersgill. Ripoti ikasema hakufunga breki. Ijumaa linazinduliwa bamba la kumbukumbu, kidizeli kikiwa chini yake ndani ya kasha la kioo. Bamba lina majina mawili. La babu halimo.

— Limerudi, alisema Masizi, kidizeli kimelala magotini pake. Vumbi la chungwa. Fremu zote za magurudumu.

— Umelipaka mwenyewe ukasahau, akasema Kengele. Umri huo, mzee.

— Mimi nafuata picha! Picha ni ya 318 asubuhi ile ya ajali, kabla haijaondoka. Chini kuna matope tu. Uchafu usio kwenye picha sipaki hata mke wangu akinipigia magoti.

— Mkeo alishaukimbia uchafu wako, akasema Birika. Ni unyevu huo. Kile chumba kinavuja.

— Unyevu ungeshika na paa. Paa nimelipaka masizi, liko vilevile. Hili ni vumbi la chuma cha breki kikisaga gurudumu, nalijua kama kiganja changu. Na ufunguo wa chumba ni mmoja, huu hapa shingoni.

Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayokulowesha bila kukuomba radhi. Kengele akavuta kola.

— Lilianza lini?

— Siku niliyobandika namba ubavuni.

— Basi umeiita.

— Nimeita nini, wewe? Plastiki hii imetoka kiwandani mwezi wa tatu!

— Umeipa jina lake, imekuja. Nyinyi chekeni.

Birika alimimina chai, nusu ikaenda kwenye kiatu chake, hakutazama chini.

— Lete lenzi, nikasema.

— Taratibu, kipenzi, akasema Masizi. Vanishi haijakauka.

Nikakipindua. Kila gurudumu la chuma lilikuwa na kipande bapa, kama limesuguliwa kwa tupa. Kidizeli hicho hakijawahi kutembea hata inchi moja. Pembeni ya kila bapa kulikuwa na rangi ya buluu, nyembamba kama ukucha. Miaka minne nililipia ada kujifunza buluu hiyo: chuma hakiitoi mpaka kifike karibu nyuzi joto mia tatu. Plastiki inayoyashika magurudumu ingekuwa imetiririka kama siagi. Ilikuwa nzima.

— Digrii, sema basi, akasema Birika. Umekuwa mweupe.

— Yalifungwa, nikasema. Yalifungwa yote kwa breki, yakaburuzwa kwenye reli.

— Hayo madogo? akauliza Birika.

Nikamkabidhi lenzi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, na mbwa aliyelowa, anangoja treni iliyochelewa. Akainama kuelekea kwetu.

— Samahani, nimesikia bila kutaka. Yale magurudumu ya kweli, baada ya ajali, nani aliyatazama?

Masizi akamtazama Kengele. Kengele anaijua ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa. Ina picha ya ukuta uliogongwa, ya kibanda cha dereva, ya mkono wa breki. Ya magurudumu haimo. Injini yenyewe ilikatwa kuwa chuma chakavu siku ya tisa baada ya ajali. Mbwa alikuwa anaikodolea macho 318, hanusi, hapumui.

Basi nawaambia ninyi mlioitia sahihi ripoti ile, na ninyi mnaokuja Ijumaa na mikasi ya kukata utepe: tuleteeni picha ya magurudumu. Moja tu. Kama mnayo, ionesheni mbele ya mama yangu. Kama hamkuyatazama, semeni kwa vinywa vyenu kwamba hamkuyatazama, kisha chongeni jina la Wilfred Pickersgill kwenye bamba hilo kabla hamjagusa utepe.