Daud Mursal na Programu Isiyojua Kunyamaza

Bwana Daud Mursal anastaafu tarehe 31 Desemba 1997, baada ya miaka ishirini na sita ya kuandika programu za kompyuta katika ofisi yetu ya mifugo hapa Garissa. Yote anayoyajua nilimfundisha mimi. Haya, uongo. Mimi ni tarishi, darasa la nne niliacha katikati, na kompyuta naigusa nikipangusa vumbi tu. Nilimfundisha kitu kimoja, tena kwa bahati, nikiwa na birika mkononi.

Alianza na kadi za karatasi za kutobolewa matundu, za kupelekwa kwenye kompyuta ya Nairobi. Mwaka 1974 aliacha boksi moja mlangoni. Mbuzi wakala ng'ombe elfu mbili wa Hulugho, na hesabu ya mwaka ule ikatoka bila wao.

Mashaka yalianza 1995. Hinda Abdille, binti wa hapa hapa aliyesomea ng'ambo, alituletea kompyuta mpya na lugha mpya ya programu, ya fanksheni. Katika lugha hiyo, namba ukishaiandika haibadiliki tena, kama umri wangu kwenye faili. Wala huiambii mashine irudie kazi mara mia. Fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, inajiita yenyewe, inajiita tena, mpaka kazi iishe.

Sadiyo, mpiga chapa wetu, hakuwahi kuandika programu maishani, na alielewa kwa siku mbili. Daud, pamoja na ujuzi wake wote, aligombana na skrini wiki tatu. Alikuwa na mengi ya kusahau kwanza. Akaleta ubao wa chaki, akawa anafanya kwa mkono kile ambacho lugha ilimkataza: anafuta tano, anaandika sita.

"Adeer, weka chaki chini," Hinda akamwambia, akimwita ami kwa Kisomali. "Namba haibadilishwi."

"Wallahi, hata ngamia wa kule Diff hana kiburi hiki!"

Mzaha uliisha barua ya makao makuu ilipofika. Orodha ya dozi za chanjo ya ngamia, kisima kwa kisima, itoke kwa lugha mpya kabla ya lori kuondoka Ijumaa mchana. La sivyo, Daud atastaafishwa mapema kwa manufaa ya umma. Sote tulijua maana yake: nyumbani, na aibu begani.

Ijumaa asubuhi programu ikaanza, ikapita kisima cha mwisho, ikaendelea kutafuta kingine mpaka mashine ikaganda. Mara nne. Ndipo nikaingia na chai.

"Mtoto wetu akitaja abtirsi," nikamwambia, "anasema jina lake, la baba, la babu, na akifika kwa babu wa ukoo ananyamaza. Huyu wako ananyamaza wapi?"

Akanitazama kama nimemmwagia chai. Kisha akaandika mstari mmoja: visima vikiisha, jibu ni sifuri, ishia hapo. Orodha ikatoka kabla ya adhana, lori likaondoka na dozi kamili. Tangu hapo amewafundisha lugha hiyo maafisa kumi na mmoja, wote wakaidi kama yeye, na chaki huwanyang'anya mlangoni.

Ofisi nzima inakushukuru, Bwana Daud. Unastaafu kwa haki yako, si kwa manufaa ya mtu. Mungu akupe afya, maziwa mengi na usingizi wa mchana.

Ila kabla hujarudisha ufunguo: Ijumaa ile uliniahidi kunichapia abtirsi yangu kwa printa, mababu kumi na tisa, niitundike ukutani. Bado nangoja. Wino ukiwa mdogo, anza na mimi.