Siku Waliponianulia Matanga

Shikamooni wazazi wangu. Wenzangu, hamjambo. Mnanijua kama mwalimu wa chuo kikuu, mtoto wenu wa hapa Mnero. Leo nawaeleza aibu yangu, na msinipigie makofi kabla sijamaliza.

Nilikuwa nafanya utafiti kule Ruangwa, kijiji kimoja sitakitaja, kampuni ilipokuja kuchimba kinywe, haya madini meusi mnayoyafananisha na makaa ya mawe. Eneo walilolitaka lilikuwa na makaburi. Akina mama wakaniuliza, "Mwalimu, wazazi wetu watafukuliwa?" Nikasimama mkutanoni na miwani yangu, nikasema, "Hakuna atakayegusa kaburi hata moja." Sasa nani alinituma? Sheria nilikuwa naijua, lakini hakimu si mimi.

Tukaenda mahakamani, tukashindwa kesi. Siku ya kuhamisha mifupa akina mama walishona sanda mpya, wakanipigia simu. Sikupokea. Nilipanda basi nikaja kujificha kwa mama. Ndugu zangu, nawaambia, nikisikia pikipiki nje, nakimbilia chumbani. Hata kanisani hamkuniona.

Siku moja mama akaniita, "Toka, una wageni." Ni wale akina mama wa Ruangwa, wamejitanda khanga, wana unga na kuku. Nikajua wamekuja kunisuta. Nikapiga magoti, nikalia, nikasema nisameheni.

Mkubwa wao, bibi wa Kimwera ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Tumekuja kukuhani msiba. Sisi tulizika, tukalia, tukamaliza. Wewe bado umo msibani, tena peke yako. Leo tunaanua matanga."

Wakapika, tukala. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, na hilo liliniuma kuliko kusutwa. Kesho yake nikafuatana nao hadi kwenye makaburi mapya. Wao wakaomba dua, mimi nikasali rozari. Mpaka leo nikipita pale naangalia chini.

Nawashukuru wao, na mama yangu aliyenitoa chumbani. Nanyi nawaomba, msimwahidi mtu ushindi. Mwahidini kwamba mtakuwepo.

Sasa kampuni inakitaka kisima chao. Juzi niliwaambia ukweli, kwamba tunaweza kushindwa tena. Nilisema huku naona haya kuwatazama. Wakasogea kwenye mkeka, wakanipa nafasi ya kukaa.