Upepo wa Mgongoni

MLINZI: Haloo? Nesi? Haloo —

NESI: Nani mwenzangu? Sikusikii vizuri.

MLINZI: Ni mimi, mlinzi wa kiwanja cha ndege. Niliyekubebea begi la dawa sasa hivi. Mko wazima?

NESI: Tumeanguka, kaka. Tumepita uzio, tuko mashambani huku. Ndege imelala ubavu.

MLINZI: Nimeona. Nakuja, nakimbia na mtungi wa kuzimia moto. Yule mama mjamzito?

NESI: Nimeshamtoa. Analia, ameshika tumbo, ila mtoto anacheza. Nimemgusa, anacheza.

MLINZI: Na mdogo wangu?

(Mtandao unakwaruza.)

MLINZI: Nesi, rubani. Mdogo wangu.

NESI: Dashibodi imembana miguu. Anaongea. Nimevuta, nimeshindwa.

MLINZI: Mafuta yananuka?

NESI: Sana.

MLINZI: Basi tokeni hapo. Nendeni upande upepo unakotoka, moto ukiwaka usiwafuate. Mwache yeye, nitamtoa mwenyewe.

NESI: Mama nimemsogeza mbali. Mimi sitoki. Amenishika mkono.

MLINZI: Dada, nakuomba —

NESI: Anauliza habari ya upepo. Anasema ulimwambia unamjia usoni.

MLINZI: Ulikuwa unamjia usoni. Umegeuka ameshaachia breki. Ndege ikisukumwa mgongoni hainyanyuki upesi, njia inaisha bado iko chini. Nimeona kile kifuko cha upepo pale mlingotini kimegeuka, na redio ya kuongea naye nimeiacha ndani kwenye chaji. Nikaona nikiifuata nimechelewa. Nikasimama pembeni nikapunga mikono. Yote miwili. Muulize, hakuniona?

NESI: Subiri.

(Nesi anauliza kwa mbali.)

NESI: Anasema alikuona.

MLINZI: Sasa mbona hakusimama?

NESI: Alidhani unamuaga.

(Hatua za mlinzi zinasimama, kisha zinaanza tena kukimbia.)

MLINZI: Haloo —

NESI: Nipo.

MLINZI: Mwambie... mwambie nafika. Naruka uzio sasa. Mwambie kwamba mama nyumbani — hapana, hilo liache. Muulize viatu vyangu vyeusi kavipeleka wapi, maana kuazima anajua, kurudisha ndiyo mtihani. Mfanye aongee tu. Mtukane ikibidi.

NESI: Rubani, kaka yako anadai viatu... Amecheka.

MLINZI: Amecheka?

NESI: Kidogo.

MLINZI: Ndiye huyo. Mshikilie hapo hapo. Nauona mkia wa ndege. Salio linaniishia, simu ikikatika usiogope, niko njiani. Mwambie asifumbe macho.

(Nesi anaita kwa mbali: Rubani. Rubani!)

MLINZI: Umemwambia?

NESI: Kaka.

MLINZI: Nimeingia kwenye mahindi. Nakiona kitambaa chako cheupe.

NESI: Kaka, punguza mbio. Utajikwaa.

MLINZI: Kwa nini nipunguze?

MLINZI: Nesi. Kwa nini nipunguze?

NESI: Njoo taratibu tu, kaka. Ameshafumba macho. Bado niko naye —

(Simu inakatika.)