Kilima cha Noorbanu

Basi la Don Mills, huku ughaibuni, lilikuwa nusu tupu. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa ametoka kumwambia nduguye kwenye simu, kwa Kiswahili cha Mwanza, kwamba ameshakubali, kilima kiuzwe. Mama mmoja wa upande wa pili akageuka.

"Shikamoo, mzee. Kilima gani tena?"

"Marahaba. Changu, cha kuteleza kwenye theluji, huko kaskazini. Mimi na mke wangu Noorbanu tumekiendesha tangu ujana."

"Kile chenye kibanda chekundu? Mwanangu alijifunzia pale! Kwingine kote ni kwa matajiri. Si mngevumilia msimu mmoja tu?"

"Tumevumilia mingi, mama. Theluji haiji. Tunatengeneza yetu kwa mashine, halafu mvua inakuja kuiosha. Mnunuzi atajenga nyumba."

"Nyumba zimejaa kila mahali. Watoto wetu watateleza wapi?"

"Kwenye matope?" mzee aliuliza, bila kucheka.

Niliona mzee ana haki, na mama naye anayo. Ndiyo taabu ya kusikiliza mambo ya watu.

"Na mkeo amekubali?"

Mzee aliangalia viatu vyake. "Bado hajajua."

"Mungu wangu! Mwambie leo, mzee, kabla hajasikia kwa watu."

"Nitamwambiaje? Asubuhi nimemwacha gerejini, anazipaka nta skii, vile vibao vya kutelezea, za watoto watakaokuja Jumamosi."

Mama alifungua mdomo ajibu, lakini basi lilikuwa limesimama kituo cha Wynford, na mzee alikuwa ameshashuka.