Bi Somoe na Fisi Aliyefunga Mlango

Ndugu waombolezaji, mimi Selemani Hamisi, kaka wa marehemu, nimetakiwa na ukoo niyasome maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yanayoniuma.

Somoe binti Hamisi alizaliwa Kitaya mwezi wa Machi 1921, akasoma Kurani Mikindani kwa shangazi yetu Mwanaamina, na huko huko, wakimenya mihogo, akazirithi hadithi zake. Tarehe 12 Juni 1939 aliolewa na Waziri Shabani wa hapa Mpapura, wakajaliwa Mastura na Abeid, akawa mkulima wa mihogo na mikorosho, na mumewe alipofariki mwaka 1949 alihamia kwangu na wanawe.

Hadithi zake, mnazijua, zote zilipita jikoni, na hakumaliza hata moja bila kuwawekea watoto sinia, kwani alisema, "Kumsimulia mtoto chakula ukamwacha na njaa ni kumwibia." Mwaka jana mvua zilipotukimbia, watoto wa jirani walizidi kuja, nami nikaogopa, nikalitia kufuli ghala la makopa, mihogo yetu mikavu, nikamwambia asimulie bila sinia. Akawasimulia Fisi aliyefunga mlango ale peke yake, tonge likamkaba, asipatikane wa kumpiga mgongoni. Watoto walicheka wakiutazama mlango wangu, nikakasirika, nikampunguzia fungu lake.

Hata hilo fungu aliwagawia. Juzi alichimba mihogo michungu, ambayo sisi sote tunajua hulowekwa siku nne kisha huanikwa ili sumu itoke, lakini njaa haikumpa nafasi, akailoweka siku moja, jana jioni akaipika na kuila peke yake, makopa ya fungu lake akiwaachia watoto. Alishikwa na kizunguzungu na kutapika, akafariki zahanati leo alfajiri, Jumanne 16 Februari 1954, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu.

Tunamshukuru mganga wa zahanati aliyehangaika naye, majirani waliombeba kwa kitanda, na wakulima wenzake walioacha palizi waje kumzika. Ugali mtakaokula baada ya mazishi umetoka katika ghala lile, liko wazi, na naomba watoto watangulie kunawa.

Dada yangu, nilikuwa karibu nawe na sikukupiga mgongoni, nisamehe. Mungu akupumzishe kwa amani, huko asiwepo wa kukufungia mlango.