Silima Mcha Anateremka Mtini

Ndugu Silima Mcha, mkata miti mkuu wa kitengo chetu, anastaafu Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1972, baada ya kuitumikia miti ya Unguja kwa miaka thelathini. Kwao Mkokotoni. Aliingia mjini na panga moja na shati moja, na leo hakuna mtaa wa mji huu ambao hajapunguza tawi.

Nimetakiwa mimi, Mkubwa Hamad, niandike wasifu wake. Ofisini wapo waliosoma kunishinda, hilo silikatai, lakini hakuna aliyemtazama Silima kutoka chini kwa muda mrefu kama mimi. Mimi ni mshika kamba wake tangu mwaka 1964, nilipotoka bandarini. Kusoma nimesoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na niliwapita wengi waliokuwa wakikaa mbele. Kwa umri mimi ni mkubwa kwake, ila cheti cha kuzaliwa sina na mkunga aliyenipokea keshakufa, kwa hiyo ofisi haijui inistaafishe lini.

Kwa asiyeijua kazi yetu: mkata miti hupanda akiwa amefungwa kamba kiunoni. Kamba ile hupita juu kwenye panda ya mti, pale matawi yanapogawanyika, ikarudi chini mikononi mwa mshika kamba. Akiteleza, mikono ya chini ndiyo inayomzuia. Tawi zito nalo huteremshwa kwa kamba vivyo hivyo, lisije likamvunjia mtu paa au kumkumba aliye juu. Wapita njia humsifu aliye juu. Wa chini huambiwa asogee wapite.

Na Silima alistahiki kusifiwa. Alikata mivinje ya Mnazi Mmoja iliyokauka bila ya kuharibu hata benchi moja. Njia ya Mtoni aliwahi kutoa matawi yaliyolalia nyaya za umeme huku mvua ikinyesha, na watu wakapata taa zao kabla ya magharibi. Mji Mkongwe ndiko alikokuwa fundi hasa. Kule miti huota ndani ya kuta za majumba, mizizi ikapenya kwenye chokaa mpaka ikatokeza chumbani mwa mtu. Silima aliifuata mizizi ile kwa patasi na nyundo ndogo, mmoja mmoja, kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. Wenye nyumba walikuwa wakikaa chini kusubiri jiwe lianguke, wakachoka kusubiri.

Juu ya vyombo vya kazi alikuwa mkali kupita kiasi. Msumeno ukitoka mtini hufutwa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha hupakwa mafuta ya nazi kidogo ili usishike kutu. Tupa ya kunolea husukumwa kwenda mbele tu, hairudishwi juu ya jino. Panga la mtu haligusi mtu mwengine. Haya alinifundisha yeye, na nasema wazi kwamba sasa meno ya msumeno nanoa vizuri kuliko yeye, na yeye anajua, ila hasemi.

Kosa lake moja la vyombo silisahau, na ameniruhusu niliandike. Mwaka 1966 tuliletewa kamba mpya nzuri ya katani. Silima akaipenda mno. Akaona kama mafuta ya nazi yanaufaa msumeno, basi na kamba yataifaa. Akaipaka mchana kutwa, kamba ikanukia kama kichwa cha bibi harusi, akaiweka ghalani kwetu Malindi. Panya wa Malindi wakaalikana. Asubuhi tulikuta kamba imekuwa vipande vya kufungia mbuzi. Toka siku ile akaweka sharti lake: kila kamba, kabla ya kupandiwa, hupitishwa yote kiganjani mtu akiwa amefumba macho, ili mkono uhisi palipokatika. Na atakayeiruka kamba iliyolazwa chini, awe nani, atakaa aipitishe kiganjani upya mwanzo mpaka mwisho.

Bi Tabia, anayetuletea chai, aliiruka siku moja akiwa na birika mkononi. Silima akampa kamba. Bi Tabia akasema, “Bwana Silima, mimi nimeleta chai, sikuja kuajiriwa.” Akakaa lakini, akafumba macho, akaipitisha, na karibu na mwisho akasita na kusema, “Hapa pana kitu.” Kweli, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Chai ilipoa siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1970 tuliletewa msumeno wa mashine. Silima akaufungua wote, akaisafisha plagi, akaupanga tena, na ukalia mara ya kwanza. Ila mtini hakupanda nao. Alisema kitu kinachokunywa petroli hakifuatani naye juu.

Sasa nitaje magoti yake, maana ndiyo yaliyoleta vita baina yetu. Mwezi wa Machi tulikwenda Chwaka kukata mvinje. Silima alipanda vizuri, lakini kushuka, akafika kwenye panda akakaa. Akakaa mpaka shingo ikaniuma kwa kumtazama. Goti la kulia lilikuwa limegoma. Aliposhuka alituambia alikuwa anaangalia bahari. Maji ya Chwaka saa zile yalikuwa yametoka, hakuna cha kuangalia isipokuwa matope na kaa.

Mwezi wa Mei ikaja kazi ya mkungu wa Bi Kazija, hapo hapo Malindi. Mti mzee, ndani mtupu, umesimama kwenye kitalu kidogo baina ya nyumba mbili na umelalia paa la Bi Kazija. Kuuangusha haiwezekani, nafasi hakuna. Sharti ukatwe juu kwa juu na kila kipande kiteremshwe kwa kamba. Silima akasema huu ni mti wake wa mwisho, ataupanda mwenyewe, kisha astaafu. Mimi nikasema kwa magoti yale kamba sishiki.

Kila mtu kazini anajua kuwa Silima hapandi kama kamba haimo mikononi mwangu. Mwaka niliougua homa, alikaa ghalani ananoa misumeno mpaka nikarudi. Kwa hiyo kusema sishiki ni kama kumfungia mlango, na nilijua hivyo. Akanuna. Tukikaa benchi moja akisema, “Bi Tabia, mwambie huyo mzee woga umemwingia.” Na mimi nikijibu, “Bi Tabia, mwambie huyo bwana nshazika watu wa kutosha.” Bi Tabia akamimina chai na kutuambia kila mmoja ana masikio yake. Mkuu wetu alijaribu kutupatanisha, hakuweza. Mimi nikishasema neno sirudi nyuma.

Bi Kazija naye alikuwa amehamisha vitanda vyake, analala kwa mdogo wake, akisubiri sisi tumalize ugomvi. Hilo ndilo lililomlainisha Silima. Akaja kwangu mwenyewe, bila ya kupitia kwa Bi Tabia, akasema, “Masoud atapanda. Kamba nitashika mimi.”

Masoud ni mpandaji wetu wa sasa, mchuma karafuu wa zamani, mwepesi kama paka. Alijifunga shinani kwa kamba fupi, na ile ya matawi Silima akaipitisha yote kiganjani, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo ya mawe ya baraza, akajiegemeza. Mimi nikasimama nyuma yake, mikono mgongoni, nikamwambia jambo moja tu: usimtazame uso, itazame kamba.

Vipande vidogo viliteremka kwa salama. Kisha likaja tawi kubwa. Masoud alipolikata halikusubiri, lilichomoka kwa kishindo na kuliendea paa. Kamba ikakimbia mikononi mwa Silima, ikamchuna. Hakuiachia. Tawi likasimama hewani, kiasi cha dhiraa moja juu ya bati za Bi Kazija, linazunguka polepole. Silima naye akabaki vile vile, amekaza meno, macho hayapepesi, hateremshi wala hapandishi. Nikamkaribia sikioni nikamwambia, “Teremsha, Silima. Lishasimama.” Ndipo akateremsha, taratibu, mpaka likalala chini kama mgonjwa kitandani.

Masoud aliposhuka, majirani walimzunguka wakampa mkono na kumsifu. Silima akakaa barazani, viganja vyekundu. Akavitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, “Mkubwa, kumbe juu mtu unajiogopea nafsi yako tu. Chini unaogopa wewe na unamwogopea mwenzio. Miaka yote hii ulikuwa hivi?”

Nikamjibu, “Naam.”

Akasogea, akanipa nafasi barazani, tukakaa.

Juzi nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, nilidhani atataka nitaje mivinje au zile nyaya za Mtoni. Alitaka jambo moja. Alisema, andika kwamba siku moja nilishika kamba. Basi nimeliandika: Ndugu Silima Mcha, mkata miti mkuu, na mshika kamba wa siku moja, ambaye mwenzake aliyekuwa juu alishuka kwa miguu yake. Kwa mshika kamba hakuna cheo kilichozidi hicho, na mimi ninayesema ndiye ninayejua.

Ndugu Silima, wafanyakazi wenzako wote tunakushukuru, na Bi Mwanakheir, mkeo, tunamshukuru kwa kutuazima mume wake miaka yote hii, nasi tukimrudisha jioni amejaa vumbi la mbao. Nenda kapumzike Mkokotoni. Kaa kitako, kunja magoti utakavyo. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri mrefu wenye raha, na sasa akushike Yeye, maana mikono yangu nayo imechoka, na Yeye hachoki.